Nauza nyumba bila dalali, na mnunuzi mpole ananiharakisha

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu, sikudhani siku moja nitakuwa mimi wa kuandika. Nina miaka 54. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, akaniacha katika nyumba ya vyumba vinne tuliyoijenga pamoja kwa miaka 11, chumba baada ya chumba. Watoto wameshaondoka. Ngazi zinaniumiza magoti, uwanja wa nyuma umenishinda kufyeka, na usiku ukimya wa nyumba hiyo unanielemea. Nimeamua kuiuza ninunue ndogo, karibu na binti yangu.

Mwanzo nilimwita dalali. Alizunguka nyumba dakika kumi, akanitajia bei, tukakubaliana. Wiki ya pili akaja mtu kuiangalia, akanitajia bei nyingine kabisa, kubwa kuliko yetu. Kumbe dalali alikuwa ameweka cha juu chake, na juu ya hicho bado alitaka asilimia 5 kutoka kwangu. Nikamwambia basi. Hatukuwa tumeandikiana chochote, tukaachana hivyo hivyo.

Ndipo nikaamua kuuza mwenyewe. Nimetundika kibao getini, nimepiga picha kwa simu, nimezituma kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa wiki sita wamekuja watu 14. Shangazi, sikujua kama kazi hii inauma hivi. Mtu anaingia chumba nilichomuuguzia mume wangu, anagonga ukuta kwa vidole, anasema, "Hapa mimi ningevunja pote." Mwingine alifungua makabati yangu bila kuniomba. Mmoja aliniuliza kwa nini nauza, nikajikuta nimemsimulia maisha yangu yote, hadi haraka niliyo nayo, kwa sababu nyumba ninayoitaka naogopa itachukuliwa na mwingine. Wawili waliomba picha ya hati, nikawatumia.

Sasa nimebaki na wanunuzi wawili. Wa kwanza tuliwahi kufanya kazi ofisi moja. Ni mpole, ananiita dada. Anasema kwa kuwa silipi dalali basi nimpunguzie, na anatoa asilimia 12 chini ya bei yangu. Anataka kunipa theluthi moja taslimu wiki hii, ahamie mwisho wa mwezi, kisha zilizobaki amalizie ndani ya miezi minane. Mawakili, anasema, kazi yao ni kugombanisha watu. Tuandikiane wenyewe kwenye karatasi mbele ya mashahidi, kwani si tunajuana? Ananipigia simu kila siku.

Wa pili ni mume na mke, vijana. Wao wameomba punguzo la asilimia 3 tu, lakini fedha zinatoka benki, na benki inataka kumtuma mthamini wake na kupekua hati. Wanasema huenda ikachukua miezi miwili au mitatu. Walikuja na fundi, akaniuliza kama ukuta wa nyuma unapitisha maji. Nikamjibu hapana. Shangazi, unapitisha, mvua ikiwa kubwa. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Tena kuna hili: hati bado ina majina yetu wawili, langu na la marehemu. Mwanangu wa kwanza hataki niuze, anasema nauza jasho la baba yake. Kaka yangu anataka nirudi kwa dalali kabla sijatapeliwa. Mimi dalali simtaki tena. Nifanyeje?

Mwenye Funguo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba ambao naona bado uko nao, na pole kwa hao watu 14.

Nianze na la wiki hii, maana mengine yanaweza kusubiri kidogo na hili haliwezi: usipokee hata senti moja ya yule mwenzako wa ofisini, na usimpe funguo. Sisemi ni mwizi. Nasema huna bado cha kumuuzia.

Lile la majina mawili umeliweka mwisho wa barua kama jambo dogo. Mimi nalileta mbele ya yote. Watu wawili wakiandikwa kwenye hati moja, kuna namna mbili za kumiliki, na tofauti yake huonekana mmoja anapofariki. Namna ya kwanza, nyumba ni yenu nyote kwa pamoja bila mafungu, na aliyebaki hai anaichukua yote. Hapo kazi yako ni kupeleka cheti cha kifo katika ofisi ya usajili wa ardhi, ujaze fomu zao, jina la marehemu liondolewe. Namna ya pili, kila mmoja ana fungu lake. Fungu la mumeo basi haliko mkononi mwako. Limeingia kwenye mirathi, na huwezi kuliuza mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama na warithi wajulikane. Soma hati yako leo uone imeandikwaje, kisha umpelekee wakili aisome tena, kwa sababu neno moja tu katika mstari wa wamiliki linaweza kugeuza kila kitu.

Unaona sasa kwa nini nimemfikiria mwanao mapema? Kama ni namna ya pili, kukataa kwake si uchungu wa mtoto aliyefiwa tu. Huenda ana haki, na saini yake ikatakiwa. Ukimpita, anaweza kwenda mahakamani kusimamisha mauzo hata baada ya wewe kula fedha na mnunuzi kuhamia.

Wale vijana wa benki hili halitawapita. Mpekuzi wa benki atalikuta siku ya kwanza na kusimama hapo. Mwenzako wa ofisini hakuuliza lolote. Anataka kununua nyumba yenye jina la marehemu kwenye hati, kwa karatasi ya mkononi, na kuhamia mwisho wa mwezi. Huenda hajui. Lakini mtu asiyejua anachonunua ndiye atakayekuja kukulaumu baadaye, na anayejua kisha akanyamaza ana sababu ya kunyamaza.

Sasa nije kwenye udalali wenyewe, maana kaka yako na wewe mnavutana juu yake bila kukubaliana dalali ni mtu wa kazi gani. Dalali ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuleta watu. Hiyo umeifanya, tena vizuri: watu 14 kwa wiki sita na wawili wamefika kwenye bei. Ya pili ni kusimama katikati. Anayemsikia mnunuzi akisema "hapa ningevunja pote" ni yeye, wala hachomwi moyo, kwa kuwa hakumuuguza mtu katika chumba hicho. Mnunuzi akimwuliza kwa nini mwenyewe anauza, ana jibu fupi. Na simu za kila siku zinaita mfukoni mwake. Hii kazi ya pili ndiyo iliyobaki bila mtu, na maumivu yote uliyoyaeleza yametoka hapo. Humhitaji dalali, mwanangu. Unamhitaji mtu wa kusimama katikati.

Tena usidhani kurudi kwa dalali kungekupa bei bora. Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha utafiti mwaka 2008 juu ya mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago. Walilinganisha nyumba ambazo mawakala waliwauzia wateja na zile walizojiuzia wao wenyewe. Nyumba zao wenyewe walizisubiria siku 9 na nusu zaidi sokoni, na waliziuza kwa takriban asilimia 3.7 juu. Sababu haihitaji uchumi mwingi kuielewa: bei ikipanda kidogo, faida karibu yote ni ya mwenye nyumba, na wakala anapata chembe tu, kwa hiyo kwake ni afadhali biashara iishe leo. Kwa nyumba yake mwenyewe hasemi hivyo. Anasubiri.

Subira hiyo ndiyo mali uliyoipata ulipoachana na dalali wako, na ndiyo mwenzako anayoitaka kwa kukupigia simu kila siku. Hebu tupige hesabu. Tuite bei yako 100. Vijana wanakupa 97, zote kwa mkupuo siku ya kuhamisha hati. Ungewauzia vijana hao hao kupitia dalali wa asilimia 5, ungebaki na 92 na ushei. Mwenzako anakupa 88, tena katika hizo utashika 29 tu sasa, na 59 utazidai kwa miezi minane, bila riba, kwa mtu aliyekwisha kulala chumbani kwako. Wewe ulimkwepa dalali ili uokoe tano. Yeye anakuomba hiyo tano, na nyingine saba juu yake. Wanunuzi wengi hufanya hivi mwenye nyumba anapouza mwenyewe: kile ambacho angelipwa dalali wanakihesabu kuwa chao. Si dhambi kuomba. Ila na wewe una haki ya kujua unaombwa nini.

La kuhamia kabla ya kumaliza kulipa nalijua kwa mwili wangu. Miaka mingi nyuma niliuza nyumba kwa mtu mwenye adabu sana, nikampa funguo baada ya nusu ya fedha. Akalipa mara mbili, kisha akaanza kusema paa linavuja, mara bomba, mara atalipa nikishatengeneza. Nikadhani nitamwambia atoke na atatoka. Kumbe mtu akishakaa ndani kwa ridhaa yako, kumtoa ni kazi ya mahakama, na mahakama ina kalenda yake. Ilinichukua zaidi ya mwaka. Niliporudishiwa nyumba alikuwa ameshabomoa ukuta wa jikoni ili apanue sebule. Nililia pale mlangoni kama mtoto. Sitaki ulie hivyo. Funguo zinatoka siku ambayo benki yako, kwa kinywa chake yenyewe, imekuambia fedha zote zimeingia. Ujumbe wa simu au picha ya risiti aliyokutumia mnunuzi haitoshi, kwa kuwa vyote viwili hughushiwa kila siku.

Na hiyo karatasi mbele ya mashahidi? Kuandikiana ni kuzuri; mali bila daftari hupotea bila habari. Uingereza ilitunga sheria tangu mwaka 1677 kwamba mapatano ya kuuza ardhi hayatasikilizwa mahakamani yasipokuwa na maandishi yenye saini, na mizizi ya sheria hiyo imesambaa katika nchi nyingi. Ila uzito wa karatasi uko katika yale iliyoyataja. Karatasi za "sisi tunajuana" huandika bei na majina, zikanyamaza juu ya siku mambo yatakapoharibika: asipolipa awamu ya pili inakuwaje, nani anabeba hasara nyumba ikiungua kabla ya kukabidhiana, wewe ukighairi unarudisha kiasi gani, yeye akighairi anapoteza kiasi gani. Mkataba wa mauziano unaandikwa kwa ajili ya siku hizo. Uwe na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba ya kiwanja kama ilivyo kwenye hati, bei, arubuni, tarehe ya kumaliza na tarehe ya kukabidhi. Uandikwe pia ni vitu gani vinabaki ndani, maana nimeona watu wakikosana juu ya tangi la maji na mapazia baada ya kukubaliana vizuri juu ya nyumba nzima.

Tafuta wakili wa mambo ya ardhi, awe wako peke yako. Mnunuzi awe na wake. Wakili mmoja kwa pande mbili huonekana nafuu hadi siku mnapopishana. Muulize ada yake kabla ya kuanza. Wengi hukubali kiasi maalumu kwa kazi nzima, na mara nyingi ni kidogo kuliko ambacho dalali angechukua. Arubuni, ambayo kwa kawaida hufikia asilimia 10, ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka masharti yatimie, isiingie mkobani mwako. Ikiingia mkobani utaitumia, ukiitumia huwezi kughairi, na mnunuzi akijua huwezi kughairi, bei inaanza kujadiliwa upya.

Sasa ule ukuta. Nimeusoma mstari huo mara tatu, na nimekupenda zaidi kwa kuuandika. Kuna tofauti ya kunyamaza na kukana. Katika sehemu nyingi sheria humwambia mnunuzi afungue macho yake mwenyewe, na muuzaji halazimiki kutaja kila ufa. Lakini ukiulizwa waziwazi ukajibu uongo, na mtu akanunua kwa kutegemea jibu lako, anaweza kudai fidia au hata kuvunja mkataba. Wewe uliulizwa na fundi, mbele ya wanunuzi. Bahati yako ni kwamba hakuna kilichosainiwa, kwa hiyo bado linarekebishika kwa ujumbe mmoja. Uandike leo, usingoje mvua iuandike kwa niaba yako. Sema hivi: "Wanangu, fundi wenu aliniuliza juu ya ukuta wa nyuma. Nilijibu haraka na sikujibu sawa. Mvua kubwa ikinyesha unapitisha maji. Naleta fundi auangalie, na nitawapa makadirio yake mjionee." Kisha mlete kweli. Makadirio yakija, ama unatengeneza wewe, ama unapunguza bei kwa kiasi hicho. Wanaweza kukasirika. Wengi hawakasiriki, muuzaji aliyejisahihisha mwenyewe huaminiwa kwa mengine yote. Na utalala.

Juu ya kuonyesha nyumba, usiionyeshe tena wewe. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha jaribio ambalo huwa nalikumbuka kila ninapopata barua kama yako. Waliwapa baadhi ya watu vikombe vya kawaida, wengine hawakupewa, kisha wakawaacha wauziane. Waliopewa walitaka takriban mara mbili ya kile ambacho wasiopewa walikuwa tayari kulipa. Vikombe walikuwa navyo kwa dakika chache tu! Wewe una miaka 11 ya kujenga na ugonjwa wa mume ndani ya kuta hizo, na mtu anayeingia anaona vyumba vinne na ngazi. Hakutukani, mwanangu. Haoni unachokiona, na hawezi. Kwa hiyo bei isitoke kwako wala kwa yule dalali wa dakika kumi. Mwite mthamini aliyesajiliwa, umlipe mwenyewe, akuandikie ripoti, uilinganishe na nyumba zilizouzwa kweli jirani yako miezi ya karibuni. Bei zilizotundikwa kwenye vibao ni maombi tu. Ukiwa na ripoti hiyo mkononi, mtu akisema asilimia 12 chini, hujibu kwa moyo tena. Unamwonyesha karatasi.

Binti yako, au huyo kaka yako anayehangaika kwa ajili yako, awe ndiye wa kupokea wageni. Kwa miadi tu, baada ya kujua jina kamili na namba ya kitambulisho, na asiwe peke yake ndani. Kabla hawajaja, ondoa picha za familia, dawa, nyaraka na vitu vya thamani, ufunge. Makabati hufunguliwa na wanunuzi wazuri pia, wanataka kuona nafasi. Wewe nenda kwa jirani. Na swali la kwa nini unauza lina jibu moja, "Mwenye nyumba anahamia ndogo," likaishia hapo. Yule uliyemweleza haraka yako ameshajua mengi, lakini si lazima na wa kesho wajue.

Hizo picha za hati zimenitia hofu kidogo. Mtu mwenye nakala ya hati na jina lako anaweza kujifanya ni wewe mbele ya mnunuzi wa mbali au mkopeshaji. Nenda ofisi ya usajili ufanye upekuzi wa hati yako mwenyewe, uone kama ni safi na hakuna rehani usiyoijua, na uulize kama wanakuruhusu kuweka zuio au tahadhari juu yake mpaka utakapouza. Kuanzia sasa anayetaka kuhakiki afanye upekuzi rasmi kupitia wakili wake. Hati halisi haitoki mikononi mwako ila kuingia kwa wakili wako, kwa risiti.

Mawili ya haraka. Waulize wale vijana walijuaje kuhusu nyumba. Kama waliletwa na yule dalali wa kwanza au watu wake, anaweza kuja kudai chake hata kama hamkuandikiana, na ni afadhali wakili wako alijue hilo kabla ya mkataba kuliko baada yake. Na muulize wakili kodi ya faida ya mauzo inakuhusu kiasi gani na ni nani analipa gharama za uhamisho wa hati. Tafuta stakabadhi zote za ujenzi mlizoweka, saruji, mabati, mafundi, kwani mara nyingi gharama hizo hupunguza faida inayotozwa kodi. Nina hakika mumeo alizihifadhi mahali.

Nikiulizwa ni yupi kati ya wawili, nitasema vijana, na sababu kubwa si ile asilimia tisa. Miezi miwili au mitatu ya benki yao ndiyo utakayoihitaji wewe kunyoosha hati. Huchelewi chochote kwa kuwasubiri. Mweleze pia mwenye ile nyumba ndogo unayoitaka hali halisi, muulize kama atakubali mkataba wenye sharti kwamba ununuzi unategemea kuuzwa kwa yako. Akikataa, iache iende. Usiuze nyumba moja vibaya kwa ajili ya kuwahi nyingine.

Mwenzako akipiga simu leo jioni, usimpe maelezo, maelezo ndiyo yanayompa nafasi ya kujibu. Mwambie, "Ndugu yangu, nyumba itauzwa kupitia wakili, fedha zote siku moja, na funguo siku hiyo hiyo. Kama unaweza hivyo, lete ofa yako kwa maandishi." Kisha kata simu kwa heshima. Huenda akaleta ofa nzuri; sitashangaa, na utaipima kama nyingine yoyote.

Mwanao mwite nyumbani kabla hujakwenda kwa wakili. Usimwite kumshawishi. Mwite mkatafute hizo stakabadhi za baba yake, kwenye yale makabati ambayo mgeni aliyafungua bila kuomba. Mtaziona za mwaka wa kwanza wa ujenzi, kwa mwandiko wake. Mpe hizo azishike yeye, kisha mwonyeshe hati na umwulize angependa ifanyike vipi.

Shangazi